Serikali Inayoulizwa na Serikali Isiyoulizwa

Katika mabaraza ya Homa Bay na Migori hakukosi mtu wa kusema kwamba demokrasia ni kelele tupu. Husema kuwa kura hupigwa kila baada ya miaka mitano, wakubwa hubadilika, lakini barabara ya kwenda ufuoni hubaki na mashimo yake yale yale, na bei ya sukari haishuki kwa sababu watu wamepiga kura. Wengine huongeza kwamba ingefaa nchi iwe na mtawala mmoja mwenye mkono mzito, asiyebishaniwa, ili kazi zifanyike upesi. Maneno hayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa husemwa na watu walioona mengi. Lakini yapasa yapimwe, na kipimo kilicho bora ni kuitazama nchi iliyoifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Nchi ya namna hiyo haiko mbali. Imo katika upande huu huu wa Afrika, nayo ni Eritrea.

MAANA YA MANENO

Nchi iliyo wazi ni nchi ambayo serikali yake yaweza kuulizwa swali na raia, na yule aliyeulizwa akapaswa kujibu. Mahali pa kuulizia ni patatu: penye sanduku la kura, mbele ya hakimu, na katika magazeti na redio. Nchi iliyofungwa ni ile ambayo mahali hapo pote patatu pamefungwa, na mwenye kuuliza huhesabiwa kuwa adui.

Isidhaniwe kwamba tofauti ya nchi hizi ni kuwa moja ina watawala wema na nyingine ina watawala waovu. Binadamu ni binadamu kila mahali, na mtu aliyepewa mamlaka hujaribiwa nayo, awe Asmara au awe Nairobi. Tofauti iko katika jambo jingine, yaani: baya likitendeka, je, yuko awezaye kuuliza habari zake?

HABARI ZA ERITREA

Eritrea iko kando ya Bahari ya Sham, na mji wake mkuu ni Asmara. Ilitawaliwa na Italia tangu mwaka 1890 hata mwaka 1941, kisha ikawa chini ya Uingereza, na mwaka 1952 ikaunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho. Mwaka 1962 mfalme wa Ethiopia alilivunja shirikisho hilo akaifanya nchi hiyo kuwa jimbo lake. Waeritrea walikuwa wamekwisha kushika silaha mwaka 1961, nao walipigana kwa muda wa miaka 30, mpaka walipouingia Asmara mwezi wa Mei 1991. Mwezi wa Aprili 1993 watu waliulizwa kwa kura kama wanataka uhuru, na karibu wote wakasema ndiyo.

Hapo watu walikuwa na matumaini makubwa. Katiba iliandikwa, ikakubaliwa mwezi wa Mei 1997. Walakini katiba hiyo haikutiwa kazini. Mwaka 1998 vita vilizuka tena na Ethiopia juu ya mpaka, na serikali ikasema kwamba mambo ya katiba na uchaguzi yangoje. Uchaguzi wa taifa uliotazamiwa mwaka 2001 haukufanywa, na hata kufikia mwaka 2025 ulikuwa haujafanywa. Rais Isaias Afwerki, aliyeshika madaraka wakati wa uhuru, hajapata kusimama mbele ya wapiga kura wote wa nchi yake. Chama kinachoruhusiwa ni kimoja tu.

BARUA YA ASMARA NA SHAURI LA HOMA BAY

Mwezi wa Mei 2001 wakubwa 15 wa chama hicho, na miongoni mwao mawaziri na majenerali waliopigania uhuru, waliandika barua ya wazi. Hawakuomba mambo ya ajabu. Walitaka katiba ifuatwe, vikao vya chama viitishwe, na uchaguzi ufanywe. Tarehe 18 Septemba 2001 watu 11 kati yao walikamatwa. Siku hiyo hiyo magazeti yote ya watu binafsi yalifungwa, na katika siku zilizofuata waandishi wake wakatiwa mbaroni. Mmoja wa waandishi hao ni Dawit Isaak, aliye raia wa Sweden pia. Hakuna hata mmoja kati ya wale 11 aliyepelekwa mbele ya hakimu. Jamaa zao hawakuelezwa walipowekwa, wala hawakuelezwa ni nani aliye hai na ni nani aliyekufa.

Na sasa shauri la Homa Bay litazamwe. Katika uchaguzi wa Agosti 2017 Cyprian Awiti alitangazwa kuwa mshindi wa kiti cha ugavana. Mshindani wake, Oyugi Magwanga, hakuridhika, naye akapeleka shauri mahakamani. Mwezi wa Februari 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Homa Bay iliubatilisha ushindi huo. Gavana alikata rufani akashindwa tena. Akaendelea mpaka Mahakama ya Juu, na huko, mwezi wa Februari 2019, akarudishiwa kiti chake. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu watu hao wawili walishindana vikali, lakini silaha zao zilikuwa ni karatasi na mawakili. Magwanga hakutiwa kifungoni kwa kumshtaki mkubwa. Mwaka 2022, Gladys Wanga alipochaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika ugavana wa kaunti hiyo, Magwanga ndiye aliyekuwa naibu wake.

Katika Asmara, watu waliotaka jambo kwa barua walipotea wasionekane tena. Katika Homa Bay, mtu aliyetaka jambo kwa shauri alishindwa, akaenda nyumbani, akarudi tena kwa njia ya kura. Hata Rais wa Jamhuri hakuwekwa nje ya sheria hiyo, maana tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliyabatilisha matokeo ya uchaguzi wa urais, na ikaamuru kura ipigwe upya.

KUSIKIA NA KUSEMA

Mkaaji wa Rongo au Mbita afunguapo redio asubuhi aweza kuchagua stesheni aitakayo. Ziko zinazotangaza kwa Kidholuo, mathalani Ramogi FM na Mayienga FM, na watu hupiga simu humo wakawalaumu wabunge na magavana kwa majina. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, zinazoeleza jinsi fedha za kila kaunti zilivyotumika, hutolewa kwa umma, na mara nyingi magazeti huyachapisha yale yasiyowapendeza wakubwa.

Katika Eritrea, tangu Septemba 2001, magazeti, redio na televisheni vimekuwa vya serikali peke yake. Katika orodha ya mwaka 2025 ya shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, Eritrea ilikuwa ya 180 kati ya nchi 180. Kenya nayo ilishuka katika orodha hiyo kuliko mwaka uliotangulia, jambo ambalo halifai kufichwa.

Hata ibada ina mpaka wake. Tangu mwaka 2002 dini zilizoruhusiwa Eritrea ni nne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Patriaki Antonios, mkuu wa Waorthodoksi wenyewe, aliondolewa katika cheo chake baada ya kupinga serikali kuingilia mambo ya kanisa. Aliwekwa kizuizini nyumbani kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwezi wa Februari 2022. Mtu wa Migori, ambako karibu kila kituo cha soko kina makanisa ya madhehebu mengi, huenda asiweze kufikiri jinsi hali hiyo ilivyo.

VIJANA NA MPAKA

Katika kaunti hizi mbili kijana amalizapo shule ya sekondari hutafuta njia yake. Aweza kuingia Chuo Kikuu cha Rongo, au kile cha Tom Mboya kilichoko Homa Bay, au akaenda kuvua samaki, kuendesha bodaboda, au kutafuta kazi Nairobi. Ni kweli kwamba wengi hukosa kazi, na shida hiyo ni kubwa. Lakini njia aliyoishika ni yake mwenyewe.

Kijana wa Eritrea hana uchaguzi huo. Tangu mwaka 2003 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupelekwa katika kambi ya kijeshi ya Sawa wamalizie masomo yao huko. Baada ya hapo huingia katika utumishi wa taifa. Sheria ya utumishi huo ilisema kwamba muda wake ni miezi 18, lakini tangu vita vya 1998 muda huo umekuwa hauna mwisho unaojulikana, na wako waliotumika zaidi ya miaka kumi kwa malipo madogo. Chuo Kikuu cha Asmara, kilichokuwa fahari ya nchi, kilifungwa.

Mtu asiyeona mwisho wa jambo hutoroka. Mamia ya maelfu ya Waeritrea wameikimbia nchi yao, ingawa kutoka bila kibali ni kosa. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilichojaa wakimbizi kilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa cha Italia, na watu zaidi ya 360 wakafa maji. Walio wengi walikuwa Waeritrea.

Mkaaji wa Migori aufahamu vema mpaka, kwa kuwa Isebania iko ukingoni mwa nchi. Kila siku watu huvuka kwenda Sirari, upande wa Tanzania, kwa pasipoti au hati ya muda, wakauza, wakanunua, wakawatazama jamaa zao. Wakuria wako pande zote mbili, na Wajaluo vivyo hivyo. Kati ya Eritrea na Ethiopia pia wako watu wa lugha moja waliokatwa na mpaka. Mpaka huo ulipofunguliwa mwezi wa Septemba 2018, baada ya mapatano ya amani, ndugu waliokuwa hawajaonana kwa miaka 20 walikumbatiana wakilia. Haukupita mwaka mmoja, vivuko vikafungwa tena. Watu hawakuulizwa walipofunguliwa, wala hawakuulizwa walipofungiwa.

MANENO YA UPANDE WA PILI

Ni haki maneno ya serikali ya Eritrea yasikiwe pia. Husema kwamba nchi ni ndogo, imezungukwa na hatari, na kwamba Ethiopia ilikataa kwa miaka mingi kuutoa mji wa Badme, ingawa tume ya mpaka iliutoa kwa Eritrea katika uamuzi wa mwaka 2002. Hayo ni kweli. Tena nchi hiyo imefanya kazi njema katika kupunguza vifo vya watoto wachanga na ugonjwa wa malaria, na majengo ya Asmara yaliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2017. Mtu asemaye kwamba hakuna jema lililotendeka huko hasemi kweli.

Lakini swali hubaki. Hatari ya adui ikiwa ndiyo sababu ya kufunga midomo ya watu, ni nani atakayesema kwamba hatari imekwisha? Ni yule yule mwenye ufunguo. Mapatano na Ethiopia yalitiwa sahihi mwaka 2018, na vikwazo vya Umoja wa Mataifa viliondolewa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, lakini katiba haikutoka kabatini wala wafungwa wa mwaka 2001 hawakutoka gerezani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na serikali ifichayo maradhi yake hukosa hata daktari wa kuyatazama.

KENYA ILIPOELEKEA KUFUNGWA

Wala Wakenya wasijisifu kana kwamba walizaliwa na uhuru wa kusema. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, mwana wa Rusinga, aliuawa kwa risasi katika Nairobi. Mtu mmoja alihukumiwa kwa kosa hilo, lakini swali la nani aliyemtuma halikupata jibu. Mwaka huo huo chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na viongozi wake wakawekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Mwezi wa Juni 1982 sheria ilibadilishwa ili chama kiwe kimoja tu. Mwaka 1988 wapiga kura wa mchujo wa chama walipangwa mistari nyuma ya wagombeaji, kila mtu akionekana na jirani yake na chifu wake.

Mlango huo haukufunguliwa na watawala kwa hiari yao. Ulisukumwa na mawakili, maaskofu, wanafunzi na watu wa kawaida, na wengi wao walilipa kwa vifungo. Mwezi wa Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa, na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikatangazwa. Kwa katiba hiyo nchi iliyokuwa wilaya moja ya Nyanza ya Kusini ina leo kaunti mbili, Homa Bay na Migori, kila moja na gavana wake na bunge lake lenye wadi 40.

MTU ALIYEKUFA MIKONONI MWA POLISI

Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za taifa za Sikukuu ya Madaraka zilifanywa Homa Bay. Hazikupita siku saba, na katika kaunti hiyo hiyo mwalimu kijana, Albert Ojwang, akakamatwa na polisi. Sababu ilikuwa ni maneno yaliyoandikwa mtandaoni juu ya Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alichukuliwa kwa gari mpaka Nairobi, akatiwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema kwamba alijigonga kichwa ukutani.

Ikiwa yuko mtu anayetaka kusema kwamba nchi iliyo wazi na nchi iliyofungwa ni mamoja, hapa ndipo penye hoja yake. Mtu alikamatwa kwa ajili ya maneno, naye akafa katika mikono ya serikali. Hakuna katiba iliyomwokoa.

Lakini yatazamwe yaliyofuata. Maiti haikufichwa. Madaktari waliichunguza, na mwakilishi wa familia akawapo, nao wakasema mbele ya waandishi wa habari kwamba majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo hazikuwa za mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali aliitwa mbele ya Seneti, akaulizwa, akaomba radhi kwa habari isiyo ya kweli iliyotolewa kwanza. Halmashauri huru inayowasimamia polisi, iitwayo IPOA, ilifanya uchunguzi. Tarehe 16 Juni 2025 Naibu Inspekta Jenerali alitangaza kwamba anakaa kando ya kazi yake mpaka uchunguzi umalizike. Kabla mwezi haujaisha watu sita, na watatu kati yao ni polisi, walifikishwa mahakamani kwa shitaka la kuua. Mwezi wa Julai marehemu alizikwa kwao Homa Bay mbele ya maelfu ya watu, na walionena hapo walinena bila kuchagua maneno.

Hayo hayakumfufua. Wala hayakuuzuia umwagaji wa damu, kwa kuwa katika maandamano ya mwezi ule na mwezi uliofuata watu wengine waliuawa, na mwishoni mwa mwaka 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha kuhesabu zaidi ya watu 80 waliotekwa tangu Juni ya mwaka huo. Tena kushtakiwa si kuhukumiwa, na kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iamue. Lakini familia ya Homa Bay inalo kaburi, inayo ripoti ya madaktari, na inalo shauri mahakamani. Familia za wale 11 wa Asmara, baada ya miaka zaidi ya 20, hazina hata kimoja cha hivyo vitatu. Mnamo mwaka 2016 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba Eritrea hapakuwa na mahakama huru ya kuwasikiliza.

MAMBO YAMPASAYO RAIA

Kutokana na hayo yote fundisho moja linaonekana. Uwazi haudumu wenyewe kama ziwa lidumuvyo. Hufanana zaidi na nyavu, ambazo zisiposhonwa kila siku huacha samaki wapite. Kila swali lisiloulizwa ni tundu.

Kwa hiyo yafaa kila mkaaji wa kaunti hizi ayajue mambo machache. Mtu akikamatwa, katiba yaamuru kwamba aelezwe upesi sababu yake, aruhusiwe kuonana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, siku ya kwanza itakayofunguliwa. Jamaa zake wasingoje. Waende kituoni mara moja, waulize jina la afisa aliyemkamata, na waandike saa. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari humpa raia ruhusa ya kuomba kwa maandishi habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, ikiwa ni pamoja na hesabu ya fedha za barabara ile yenye mashimo. Vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi, na kabla ya bajeti kupitishwa hapana budi watu wapewe nafasi ya kutoa maoni yao. Hata katika miji ya wavuvi, kutoka Muhuru na Sori mpaka Mfangano, wavuvi huchagua wenyewe kamati za kusimamia ufuo, nao wanayo haki ya kuziuliza ushuru umekwenda wapi.

Barabara haitatengenezwa kwa swali moja, na wakubwa wengi huudhika wakiulizwa. Lakini mtu aliyezoea kuuliza habari za ushuru wa samaki ufuoni hatashindwa kuuliza habari za mtoto wake aliyelala rumande. Na afisa ajuaye kwamba ataulizwa asubuhi hufikiri mara mbili usiku.